Hiace Nyingi Zilizaliwa Kubeba Mzigo

Swali ninaloulizwa sana gereji, hapa Tanga: kwa nini Hiace ya abiria inaruka nyuma ikiwa tupu, ikijaa inatulia? Kwa sababu nyingi ya hizi gari kwao Japani zilikuwa za mizigo. Zilikuwa na viti vya mbele, pengine mstari mmoja wa kukunja, na huko nyuma sakafu tupu juu ya springi za vyuma bapa zilizopangwa kwa mzigo wa takriban tani 1. Viti vingine vimefungwa baadaye.

Watu 14 wa kilo 70 ni kilo 980, kwa hiyo springi hazionewi. Ila mzigo kama saruji unalala sakafuni, abiria anakaa juu, na mstari wa mwisho uko nyuma ya ekseli. Ukipanga na magunia ya machungwa ya Muheza kwenye keria, uzito umepanda zaidi, na kona za kwenda Lushoto hazisamehi.

Kwangu mimi, vani zinatofautiana kwanza kwa mahali injini ilipo. Citroën walitoa vani yao ya H mwaka 1947: injini mbele, inavuta matairi ya mbele, hakuna propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu matairi ya nyuma, inayopita chini, basi sakafu ikashuka karibu na ardhi. Mpakiaji hanyanyui gunia hadi kifuani. Ile gari naiheshimu mno. Volkswagen wakaanza kutengeneza basi lao dogo mwaka 1950 na injini nyuma, ikipozwa kwa hewa. Mbele pana nafasi, lakini mzigo wa nyuma inabidi ukae juu ya injini. Ford Transit ya 1965 ikaja na boneti fupi.

Hiace ilipotoka mwaka 1967 injini ilikaa chini ya viti vya mbele. Japani gari dogo la mizigo lina daraja lake: urefu usizidi mita 4.7, upana mita 1.7. Ipime Hiace nyembamba ya mwaka 2004, hii tunayoiona kila siku stendi ya Kange: mita 4.695 kwa 1.695. Wamebakiza milimita 5 tu! Kwenye mipaka hiyo, kila sentimita ya boneti ingekuwa imekatwa kwenye nafasi ya mzigo.

Gharama yake dereva anaijua. Joto linapanda kitini, fundi hafiki kwenye injini mpaka anyanyue viti, na gari likigonga, miguu ya dereva iko karibu sana na kilichogongwa. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Toleo la 2019 limerudisha boneti na injini imesogea mbele, lakini hata lile fupi lina mita 5.265 kwa 1.95, kwa hiyo haliingii tena kwenye lile daraja. Ndiyo maana umbo la 2004 limeendelea kuuzwa kwao.

Sasa rudi kwenye viti, ndugu yangu unayetaka kununua. Upepo wa bahari unakula bati, na gari lililobeba samaki wa soko la Deep Sea limenyweshwa maji ya chumvi sakafuni kila siku. Rangi mpya haikuambii lolote. Inua zulia, chukua bisibisi, gonga kwenye miguu ya viti na pembeni mwa milango, kisha ingia chini ya gari na tochi. Bati likitoboka, usikubali kiti kichomelewe juu yake. Likatwe, liwekwe jipya, boliti ipenye mpaka chini na huko ishikwe na sahani nene ya chuma. Gari likisimama ghafla, mkanda unavuta kiti, kiti kinavuta sakafu, na hapo kinachomshikilia abiria ni ile sahani.