Pikapu ikitetemeka baada ya kubalansi tairi

"Fundi, tairi nimeshabalansi mara mbili, gari bado linatetemeka." Wenye Hilux za zamani, zile za springi bapa nyuma, huniambia hivyo mara kwa mara, na mara nyingi ugonjwa unakuwa kwenye propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za eksili ya nyuma. Hata hivyo, sifungui bolti kabla ya kuliendesha gari mwenyewe. Nataka kwanza kujua mtetemo unafuata nini: mizunguko ya injini, au mwendo wa gari.

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na magari mengi. Fika spidi inayoleta mtetemo, tuseme 80, ukiwa gia ya 5, kisha rudi gia ya 4 kwa spidi ileile. Injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi. Mtetemo usipobadilika, iache injini na klachi yake. Halafu weka fri (gia huru), gari liserereke. Injini usiizime, breki itakuwa ngumu na usukani unaweza kujifunga. Mtetemo ukiendelea kwenye fri, kosa liko kati ya giaboksi na tairi.

Sasa ni tairi au shafti? Kwa difu za pikapu hizi nyingi, shafti huzunguka kama mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Kwa spidi 80, tairi yenye mzingo wa mita 2.2 huzunguka kama mara 10 kwa sekunde, shafti mara 40. Ndiyo maana tairi hutikisa, na ya mbele huchezesha usukani, wakati shafti hutetemesha kwa kasi na kuvuma, ukaisikia sakafuni na kwenye kiti. Kama ni four-wheel yenye hab (vitovu vya tairi za mbele) za kufunga kwa mkono, zifungue na utoe four-wheel: shafti ya mbele itasimama, nawe umeshaiondoa kwenye orodha bure.

Ingia chini. Weka kabari kwenye tairi, giaboksi fri, shika pande mbili za krosi, kile kiungo kinachokunjika kwenye ncha ya shafti, na uzungushe huku na huko. Mchezo kidogo wa meno ya difu ni kawaida. Krosi yenyewe haitakiwi kucheza hata kidogo. Angalia midomo ya vikombe vyake: ukiona unga mwekundu wa kutu, sindano za beringi za ndani zimekauka, na grisi utakayopiga leo haitazirudisha. Kuna krosi nyingine haichezi kabisa ila imekaza, inanata ukiikunja, na hiyo huigundui mpaka shafti ishuke. Shafti ya vipande viwili ina senta beringi pia, inayoishikilia katikati. Raba yake ikichanika, gari hutikisika likiondoka na mzigo gia ya kwanza, kisha linatulia.

Kabla ya kushusha shafti, paka rangi alama kwenye flenji (sahani za bolti zinazoiunganisha) na pale shafti inapochomekana. Mafundi wengi wanaruka hatua hii. Krosi iliyo kwenye pembe haizungushi sawasawa: huharakisha na kuchelewesha mara mbili kila mzunguko, na krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha. Ukiichomeka shafti meno yakiwa yamepishana, usawazishaji huo umekwisha, na krosi mpya zitatetemeka kuliko za zamani.

Pembe nayo ina habari zake. Pikapu ya mizigo ikiongezwa springi, nyuma hupanda na shafti hulala mteremko mkali zaidi. Mwenye gari anabadilisha krosi, inakufa, anabadilisha tena, analaumu spea feki. Kwa shafti ya kipande kimoja, pima mlalo wa flenji ya giaboksi na wa flenji ya difu. Programu ya pima-maji kwenye simu inatosha. Mielekeo hiyo miwili inatakiwa iwe sambamba. Ikipishana zaidi ya digrii moja hivi, weka kabari ya chuma kati ya springi na eksili, kisha kaza U-bolti upya. Pima gari likiwa na mzigo linaoubeba kila siku. Likiwa tupu utapata namba nzuri isiyo na faida.

Yote yakiwa sawa na bado linavuma, peleka shafti kwa mwenye mashine ya kuibalansi. Kabla ya hapo isafishe matope na uikague: doa la kulehemu lisilo na kibati cha kubalansi maana yake uzito wake umedondoka barabarani.