Jan Troell na shoti zisizo na haraka

Vijana ninaowafundisha kuhariri filamu huwa nawaanzishia *Utvandrarna* ("Wahamiaji"), filamu ya Kiswidi ya mwaka 1971, na wengi hurudi kesho yake wakilalamika kwamba inakwenda polepole. Kweli, inakwenda polepole. Jan Troell aliiongoza, akashika kamera mwenyewe, kisha akaketi mezani akaihariri mwenyewe. Anajua alichokuwa akikitazama alipopiga kila shoti, basi hana haja ya kukimbilia inayofuata.

Kisa kinaanzia Småland, kusini mwa Uswidi, katikati ya karne ya 19. Shamba la Karl Oskar (Max von Sydow) limejaa mawe. Jiwe moja limemlemaza baba yake. Hakuna anayetuhubiria umaskini. Tunaona mikono, mgongo ulioinama, jiwe, halafu jingine. Mimi ningekata baada ya lile la kwanza, na ningeiharibu filamu. Mawe hayo ndiyo yanayompakia mtu na watoto wake kwenye merikebu ya kwenda Marekani. Baharini nako ni kuchoshwa hasa: chawa, matapishi, maiti zinazozikwa majini. Liv Ullmann, anayecheza Kristina mkewe, anaweza kubeba dakika nzima kwa kutazama tu.

Mwishoni Karl Oskar anafika peke yake kwenye ziwa huko Minnesota, Marekani, anauchonga mti alama, anaketi chini yake. Basi.

*Nybyggarna* ("Walowezi"), sehemu ya pili ya mwaka 1972, ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa sababu ya Robert. Mdogo huyu wa Karl Oskar alizabwa sikioni na bwana wake kule Uswidi, na sikio halikupona. Safari yake ya kutafuta dhahabu inasimuliwa karibu bila maneno, kumbukumbu zikikatwa vipandevipande. Hapo Troell yule yule mpole anakata kama shoka.

Nina lawama moja. Wadakota, wenyeji wa asili wa Minnesota, tunawaona zaidi kwa macho ya walowezi. Mikataba ya 1851 na serikali ya Marekani ilikuwa imewabana kwenye ukanda kando ya mto Minnesota. Mwaka 1862 malipo waliyoahidiwa kwa ardhi yao yakachelewa, njaa ikazidi, vita vikalipuka. Tarehe 26 Desemba wanaume wao 38 walinyongwa kwa mpigo mmoja mjini Mankato. Troell anauonyesha unyongaji huo, na hapo kamera yake haigeuki pembeni. Lakini watu aliowapa saa nyingi za mawe na mashoka ni Waswidi, na hao 38 wanafika kwetu wakiwa tayari wanapelekwa kwenye kitanzi.