Wano nene si lazima liwe kakamavu: dhana potofu kuhusu unene wa mshale wa kuwindia

Vijana wa hapa Tanga wanaotazama kwenye simu mawindo ya upinde ya Marekani na Namibia huuliza sana kuhusu wano, yaani ule uti wa mshale: liwe nene kiasi gani? Wengi huja na jibu lao tayari. Jibu hilo linafaa kuchunguzwa, kwa sababu mshale usiolingana na upinde wake hujeruhi badala ya kuua, na mnyama hukimbia na kigumba, yaani ncha kali ya mshale, mwilini akafia mbali asikopatikana.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba wano nene ndilo lenye nguvu. Kinachotakiwa kwanza ni ukakamavu, yaani wano linapinda kiasi gani ugwe (kamba ya upinde) unapolisukuma. Viwandani huegemezwa kwenye vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, huning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, kisha hutazamwa limebonyea kiasi gani. Likibonyea nusu inchi huitwa 500. Likibonyea kidogo zaidi namba hushuka, 400 au 340. Namba ndogo ndiyo wano kakamavu, na wengi huisoma kinyume. Mawano mawili ya kaboni, moja nene na jingine jembamba, yanaweza yote kuwa 400, maana kiwanda hurekebisha unene wa ukuta na mpangilio wa nyuzi.

Kwenye mti hali ni nyingine, na hapa unene una kauli kubwa. Chukua mawano mawili ya mti wa aina moja, moja la milimita 8, jingine la milimita 9. Tofauti ya milimita moja unaiona ndogo, lakini la pili ni kakamavu zaidi kwa takriban asilimia 60, kwa kuwa ukakamavu wa fimbo ya mviringo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Fundi akizidisha randa kidogo tu, ametengeneza mshale wa upinde mwingine. Na kwa upinde wa kienyeji, ambao mshale hupita ubavuni mwake, ukakamavu ukizidi ni hasara: mshale hauwezi kujipinda na kuuzunguka upinde unapotoka, hivyo kwa mpigaji wa mkono wa kulia huelekea kushoto. Unene wenyewe nao huusogeza mshale mbali zaidi na mstari wa ugwe. Mwenye upinde wa aina hiyo asikimbilie wano nene kwa kuhofia kuvunjika. Aanze na nguvu ya upinde wake na urefu anaovuta.

Kisha kuna wenye dhana ya upande wa pili, kwamba jembamba hupenya daima. Hapo pana ukweli, ila nusu. Wano jembamba kuliko shingo ya kigumba huburuzwa kidogo na nyama, kwa kuwa tundu limekwisha kufunguliwa na makali. Likiwa nene kuliko shingo hiyo, hukwama na kupoteza nguvu. Lakini wano jembamba lenye kigumba butu halikufikishi popote. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata mapafu, moyo au mishipa mikubwa, damu ikatoka haraka. Kwa hiyo mimi ningeweka makali mbele, kisha mshale uende umenyooka, kisha uzito (mishale mingi ya kuwindia huwa na gramu 26 hadi 32), na unene baada ya hayo yote.

Kuhusu upepo, ni kweli wano jembamba huupa kusi eneo dogo la kusukuma, na wapiga shabaha wa Olimpiki, wanaolenga kutoka mita 70, huchagua membamba kwa sababu hiyo. Ila mwindaji hukaribia. Kwa mita 20, faida hiyo ni ndogo mno, na manyoya makubwa ya mshale wa kuwindia hushika upepo kiasi kwamba kupunguza milimita moja ya wano hakukuokoi.

Anayeagiza mawano ya kaboni ajue pia kwamba kipimo kinachotajwa sana ni cha ndani ya mrija. Vya kawaida ni karibu milimita 6.2, 5.2 na 4.2. Kipande kinachopokea kigumba lazima kilingane na kipimo hicho; ukipima nje kwa rula utaagiza kisichoingia. La 4.2 lina nafasi ndogo ya kushikia kipande hicho, nalo hudai uunganishaji makini zaidi likigonga mfupa.

Wapo wanaodhani kwamba upinde, kwa kuwa si bunduki, hauhitaji kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimwachii mtu awinde bila leseni eti kwa sababu amebeba mshale, na silaha zenye sumu imezikataza. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani hakuna kuwinda kwa silaha yoyote.

La mwisho ni imani kwamba kaboni nene haina haja ya kukaguliwa. Wano lililogonga jiwe au mfupa linaweza kuwa na ufa usioonekana, likapasuka ugwe unapoachiwa na vibanzi vikaingia mkononi. Kabla ya kulipiga tena, lishike ncha zote mbili, lipinde taratibu huku ukilizungusha, usikilize. Likitoa mlio wa kupasuka, livunje kabisa ili asije mwingine akalitia kwenye podo.