Pumziko la Kikristo: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Dhana: Mwenye imani ya kweli hachoki.

Hii ndiyo inayoumiza wengi, hasa wanakwaya, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi ambao wiki nzima wako mbioni kati ya mazoezi, vikao na harambee. Wanasomewa Isaya 40:31, ile ya kupanda juu kwa mbawa kama tai, na mstari unaoitangulia unarukwa: hata vijana watazimia na kuchoka. Nguvu mpya inaahidiwa kwa walioishiwa.

Soma 1 Wafalme 19 taratibu. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli akiwa amewashinda manabii wa Baali, na mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Malkia Yezebeli anaapa kumuua. Nabii anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia afunge na kuomba. Alimwekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili ale, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele ilimzidi. Ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu, na ni huko alikoulizwa anafanya nini. Usingizi na chakula vilitangulia, maswali yakaja baadaye. Wengi wetu tungemwanzishia mahubiri pale pale chini ya mti.

Na Yesu mwenyewe? Alichoka kwa safari akaketi kisimani pa Yakobo (Yohana 4:6). Dhoruba ilipopiga chombo, wanafunzi walimkuta amelala (Marko 4:38).

Dhana: Ukitaka kujazwa, kesha zaidi.

Mkesha si kosa. Luka 6:12 inasema Yesu aliomba usiku kucha kabla ya kuwachagua mitume 12. Kosa ni kufanya usingizi kuwa malipo, kwamba ukiunyima mwili wako usingizi usiku mzima, deni lako mbinguni linapungua. Zaburi ya 127 inawaambia wanaoamka mapema na kuchelewa kulala kuwa wanahangaika bure, kwa maana Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Na mitume waliporudi kutoka kuhubiri, wakiwa hawana hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, Yesu aliwaita faragha wakapumzike kidogo. Kweli, umati uliwawahi huko huko na mapumziko yakakatizwa. Ila hawakukaripiwa kwa kuyahitaji.

Dhana: Pumziko la Kristo ni kutua kila mzigo.

Katika Mathayo 11, baada ya “nami nitawapumzisha” linafuata neno ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: “Jitieni nira yangu.” Anayelima kwa plau ya ng'ombe anajua nira ni kifaa cha kazi. Kinachoondolewa ni mizigo ile ya Mathayo 23:4, mizito, ambayo walimu wa dini waliwatwika watu mabegani bila kuigusa hata kwa kidole. Kwa hiyo mtu anaweza kupumzika akiendelea kulea, kulima na kuuguza. Kinachomtoka ni ile shinikizo ya kumthibitishia Mungu kwamba anastahili kupendwa.

Dhana: Kuhuishwa ni kulia, kutetemeka na kupaza sauti.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea Rwanda na Uganda, kisha Burundi, Kenya na Tanganyika. Machozi yalikuwepo, nyimbo pia. Lakini jirani hakuhitaji kuingia kanisani ili ajue kuwa kuna jambo: Walokole, yaani “waliookoka”, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walikuja mlangoni kwake kurudisha walichoiba na kuomba msamaha.

Dhana: Mkristo kwenda kwa daktari wa akili ni kupungukiwa imani.

Sivyo. Yesu alisema wenye afya hawahitaji tabibu, akimaanisha wagonjwa wanamhitaji. Luka alikuwa tabibu. Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa, na maombi na dawa havigombani.

Dhana: Jumapili nyumba nzima imepumzika.

Hebu uliza nani amepika. Amri ya siku ya mapumziko katika Kumbukumbu la Torati 5 inawataja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni, na inatoa sababu: ninyi mlikuwa watumwa Misri. Nyumba nyingi za walokole wa leo hurudi ibadani saa nane mchana, wakaketi sebuleni, na dada wa kazi, aliyeamka kabla ya wote kuwapigia pasi nguo za kanisani, anaanza kuhudumia wageni. Kanisani hakufika. Kwa Tanzania Bara hata sheria ya nchi imelisemea hilo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 kila wiki, kwa uchache.