Msingi Hauponi kwa Kupakwa Rangi Ndani

Wiki hii nimeulizwa tena, na mtu mstaarabu kabisa, aliyenitumia picha sita za chumba kilichozama nusu ardhini: rangi imevimba na kubanduka, lipu inamomonyoka kama unga, na juu kidogo ya sakafu kuna mstari wa chumvi nyeupe unaozunguka kuta mbili. Swali lake lilikuwa moja tu. Alitaka nimtajie rangi kali ya kuzuia maji, kwa sababu ile aliyopaka mwaka jana, na ile aliyopaka mwaka juzi, hazikuwa kali ya kutosha. Kwa kuwa swali hili nimekwisha kulijibu kwa mdomo, kwa simu, na mara nyingine kwa kuchora kwa kidole juu ya vumbi la saruji, nimeona sasa nilijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa nami niendelee na kazi.

Chukua ndoo iliyotoboka. Ukibandika kiraka kwa ndani, maji yenyewe yanakikandamiza na kukisaidia kushika; ukikibandika kwa nje, maji yanakisukuma usiku na mchana mpaka kibanduke. Ukuta wa chini ya ardhi ni ndoo iliyogeuzwa: maji yako upande wa udongo, na wewe mwenye brashi uko upande wa chumba, ambao ndio upande wa kiraka kinachobanduka. Maji yaliyosimama kwa kina cha mita 1 yanasukuma sehemu ya chini ya ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 1 kwa kila mita ya mraba, na rangi ya ukutani haikutengenezwa kuhimili msukumo huo kwa kunata tu juu ya lipu. Nakiri kwamba yapo matabaka maalumu ya saruji yanayopakwa kwa ndani na yakastahimili, nami huyatumia pale ambapo nje hapachimbiki, kwa mfano nyumba mbili zinaposhikana. Lakini hayo hupakwa juu ya zege au tofali lililokwanguliwa likabaki tupu, si juu ya rangi ya zamani, na hata yanapofaulu, ukuta wenyewe hubaki umelowa nyuma yake, chumvi huendelea kujikusanya, na maji hutafuta njia ya pembeni, ambayo kwa kawaida ni kiungo cha ukuta na sakafu. Ndipo mteja huniambia kwa mshangao kwamba unyevu umehamia kwingine, kana kwamba umepanga na kuhama kwa hiari yake.

Kinachonichosha si rangi, bali ni kwamba hakuna anayeanza kwa kuuliza maji hayo yalifikaje hapo. Mara nyingi hayakutoka chini kabisa. Yalitoka juu ya paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lenye eneo la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, linakusanya lita 5,000, yaani tani 5, na kama nyumba ina mabomba mawili tu ya kushushia maji ya gata, kila moja linamwaga tani mbili na nusu mahali pasipozidi ukubwa wa mlango. Mtu anayemwaga tani mbili na nusu za maji kwenye kona ya nyumba yake, kisha akailaumu rangi, sijui nimwiteje. Safisha gata, kaza viungo vya mabomba, yaelekeze maji mita 2 au zaidi kutoka ukutani, na kama unayapeleka kwenye shimo la kunyonya maji, shimo hilo liwe angalau mita 5 kutoka kwenye jengo. Sina la kuongeza hapa, ila kwamba hatua hii imeponya nyumba nyingi kuliko kazi zangu zote za kuchimba, jambo ambalo halinisaidii sana kibiashara.

Kisha kuna mteremko. Ardhi inayoizunguka nyumba inapaswa kushuka kutoka ukutani kwa angalau milimita 150 ndani ya mita 3 za mwanzo. Kwenye sakafu ngumu ya nje, mteremko wa asilimia 2 unatosha. Kila mwenye nyumba anakubaliana nami juu ya hilo, na karibu kila mmoja anaamini kwamba kwake mteremko upo. Macho hudanganya sana katika jambo hili, hasa pale kiwanja chenyewe kinapoinama, kwa hiyo nawaomba watu watumie ubao mrefu ulionyooka na kifaa cha pima maji kabla ya kubishana nami. Sababu ya mteremko kupotea ni kifusi. Mtaro wa msingi huchimbwa ukiwa mpana kuliko ukuta, na nafasi inayobaki hujazwa udongo ambao ungepaswa kurudishwa kwa matabaka ya milimita 150 hadi 200, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Kwa kweli hurudishwa kwa koleo, siku ya mwisho ya wiki, jioni, na watu waliochoka. Udongo huo hutitia wenyewe polepole kwa miaka kadhaa, na matokeo yake ni bakuli: pembeni kuna udongo wa asili uliokazana, ndani kuna kifusi laini kinachonyonya maji kama sifongo, na katikati ya bakuli umesimama msingi wako. Juu ya kifusi hicho watu humwaga kibaraza chembamba cha zege, nacho hutitia pamoja na kifusi na kuinamia ukutani. Nimewahi kukuta kibaraza kizuri ajabu, kimesawazishwa kama kioo, ambacho kazi yake pekee ilikuwa kukusanya mvua na kuipeleka kwenye ufa uliokuwa kati yake na ukuta. Mwenye nyumba alikuwa amekijenga ili kuulinda msingi.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo subira yangu inapokwisha. Lile tabaka la kuzuia unyevu, yaani karatasi nyeusi au nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi kabla ya kupanga tofali za ukuta, linapaswa kuwa angalau milimita 150 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Kazi yake ni kukata vinjia vyembamba kuliko nywele ambamo maji hupanda bila kusukumwa na mtu. Kadiri kinjia kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyoweza kupanda zaidi: chenye nusu kipenyo cha milimita 0.1 huyapandisha kiasi cha sentimita 15, na chenye milimita 0.01 kinaweza kuyafikisha kama mita moja na nusu. Tofali na mota vimejaa vinjia hivyo, ilhali katikati ya kokoto kubwa nafasi ni pana mno na maji hayapandi kwa kiasi cha maana, ndiyo sababu tunaweka kokoto chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Sasa mtu anafuata kanuni hiyo yote, kisha miaka mitano baadaye analeta udongo wa bustani na kuupandisha ukutani ili maua yake yakae juu. Mwingine anaongeza safu mpya ya sakafu ya nje juu ya ile ya zamani. Mwingine, na huyu kwa aibu yangu ni fundi mwenzangu, anapiga lipu ya nje kuanzia chini ya ardhi hadi dirishani bila kuikata popote, kwa kuwa ndivyo inavyopendeza. Wote watatu wamejenga daraja la kupita juu ya tabaka lile. Karatasi ipo, haijachanika, na haizuii chochote, kwa sababu maji yanaizunguka kupitia kwenye udongo au kwenye lipu na kuingia ukutani juu yake.

Ukimwita mtu wa kudunga dawa ya kuzuia unyevu ukutani katika hali hiyo, atatoboa matundu, atadunga, atalipwa, na daraja litabaki palepale. Nimewahi kuutibu ukuta wa namna hiyo kwa asubuhi moja na koleo moja: nilishusha udongo hadi chini ya tabaka, nikaikata lipu ya nje ili isigusane na ardhi, nikaondoka. Mwenye nyumba alikaribia kukataa kunilipa, kwa kuwa hakuona kopo lolote la dawa.

Pale ambapo maji ya chini ya ardhi kweli yanausukuma ukuta, tiba ni kuyapa njia rahisi kuliko ukuta wako. Mtaro wenye bomba la matundu lililozungukwa na kokoto, ambao katika lugha nyingi huitwa mtaro wa Kifaransa, hauhusiani na Ufaransa. Jina lilitokana na Henry French, jaji na mkulima wa Marekani aliyeandika kuhusu kutoa maji mashambani mwaka 1859. Kokoto zifungwe kwa kitambaa cha kuchuja ili udongo laini usizibe nafasi zake, bomba lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, na kama lina safu mbili za matundu, matundu hayo yatazame chini. Hili la mwisho limenigombanisha na watu wazima. Wanasema maji yanatoka juu, kwa hiyo matundu yatazame juu. Maji hujaa kutoka chini ya mtaro na kupanda; matundu yakiwa chini, maji huingia mara tu yanapofika usawa wa bomba na kuondoka, lakini yakiwa juu, ni lazima yajae kwanza hadi mgongoni mwa bomba, na muda wote huo yanaulowesha ukuta. Usichimbe mtaro huo chini ya kitako cha msingi, yaani sehemu yake ya chini kabisa inayokalia udongo, ukiwa karibu nacho. Vuta mstari wa nyuzi 45 unaoteremka kutoka ukingo wa chini wa kitako, na udongo ulio chini ya mstari huo uuache ulivyo, kwa sababu ndio ulioibeba nyumba. Na maji yanayotoka mwisho wa bomba yakiwa ya tope baada ya wiki za mwanzo, usifurahi kwamba mtaro unafanya kazi, kwa maana huenda unausafirisha udongo wa chini ya nyumba yako.

Zege lenyewe haliogopi maji kama watu wanavyodhani. Hukomaa vizuri zaidi likiwekwa na unyevu, na nguzo za madaraja hukaa mtoni miaka mingi. Kinachoharibika ni nondo, ambayo ikishika kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Ni tofali na lipu, ambazo chumvi hukauka ndani yake na kuzimenya. Na zaidi ya vyote ni udongo ulio chini ya kitako. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, na nyumba hupasuka pale kona moja inapovimba ilhali nyingine imebaki kavu. Hapa ushauri wangu mwenyewe hunitia mashaka, kwa sababu mtaro unaoukausha mfinyanzi kwa kasi upande mmoja unaweza kuleta ufa ambao maji hayakuwa yameuleta, na mti mkubwa ulio karibu unaweza kufanya hivyo bila msaada wangu. Kwenye udongo wa aina hiyo ninachokitafuta ni unyevu usiobadilikabadilika kuzunguka nyumba nzima, na mara mbili nimeacha kuchimba kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba ningeacha mambo yakiwa bora kuliko nilivyoyakuta.

Jambo jingine ambalo vitabu hulieleza kwa uhakika mno ni kutambua unyevu umetoka wapi. Kile kipimo chenye miiba miwili ya kuchoma ukutani hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo ukuta wenye chumvi unaweza kusoma kama umelowa hata pale ambapo maji yake ni machache. Zaidi ya hayo, baadhi ya chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo doa hurudi siku za mawingu hata baada ya chanzo kuzibwa. Naamini zaidi kipande cha nailoni kilichobandikwa ukutani kwa utepe pande zote kwa siku moja au mbili: matone yakitokea upande wa chumba, ni mvuke wa ndani unaoganda juu ya ukuta baridi, nawe unahitaji kufungua madirisha; yakitokea nyuma ya nailoni, unyevu umo ukutani. Lakini hata jaribio hilo haliniambii kama maji hayo yamepanda kutoka chini, yameingia kwa ubavuni, au yanavuja kwenye bomba la bafuni. Kadiri miaka inavyokwenda, ndivyo ninavyozidi kushuku kwamba unyevu unaopanda kweli kutoka chini ni nadra kuliko tunavyouandika kwenye ripoti zetu, na kwamba kuta nyingi zilizodungwa dawa zikapona zilipona kwa sababu wiki hiyohiyo mtu alilirekebisha gata.

Yule wa picha sita nilimwomba asinunue chochote, bali asubiri mvua kubwa, achukue mwavuli, na aizunguke nyumba polepole akitazama kila mahali maji yanapogusa ardhi. Alinipigia simu baada ya siku tatu. Nyuma ya kichaka, kwenye kona ya kuta zilezile mbili, bomba la kushushia maji lilikuwa limechomoka kiungoni, na maji ya upande mzima wa paa yalikuwa yakiingia kwenye kifusi. Alilirudisha mwenyewe kwa mkono. Kisha akauliza kama sasa anaweza kupaka rangi. Nilimwambia akwangue ile iliyopo, aache ukuta upumue, na ahesabu kama mafundi wanavyohesabu, takribani mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wake una milimita 225. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hakuna rangi inayoweza kupakwa kabla ya miezi tisa.