Mara tatu ya mshahara ni kiasi gani?

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa anachochukua mwenye nyumba na kwa inachochukua serikali. Kwa mtu anayehamia nchi nyingine na familia yake, mpangilio huo ni sahihi kabisa: kodi hizo mbili zikishapita, ndipo unapojua umeajiriwa kwa kiasi gani.

Kazi yangu ni kupitia mikataba ya ajira ya watu wanaohama. Wengi hunijia wakiwa wameshapiga hesabu kichwani. Wamechukua mshahara wa kule, wakauzidisha kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo, wakaulinganisha na wanaoupata sasa. Tatizo ni kwamba fedha ya kule italiwa kulekule. Kiwango cha benki kina maana kwa zile tu utakazotuma nyumbani.

Juzi walikuja mume na mke, wana watoto wawili. Mume hakutaka hata kukaa. "Ndugu yangu, ni mara tatu," akaniambia. Nikachukua karatasi. Tukakubaliana kwamba kipato chote cha nyumba yao kwa mwezi, baada ya makato, tukiite 100. Mume analeta 60, mke 40. Mara tatu ya 60 ni 180, sawa. Ila ile 180 ilikuwa mshahara ghafi, na kule wanakokwenda makato ni kama theluthi moja, kwa hiyo mkononi inafika 120. Halafu mke, kwa viza atakayopewa, haruhusiwi kufanya kazi, na 40 yake inafutika. Nyumba iliyokuwa ikiishi kwa 100 sasa itaishi kwa 120, katika mji ambao pango peke yake ni zaidi ya mara mbili ya wanalolipa leo. Mume akakaa.

Kipato cha mwenza ndicho kinachosahaulika kuliko kitu kingine chochote, labda kwa sababu hakimo kwenye barua ya ajira. Anza na viza. Marekani, mwenza wa mwenye viza ya kazi iitwayo H-1B hupewa viza ya mtegemezi, H-4, na kwa kawaida hawezi kuajiriwa mpaka apate kibali maalumu ambacho si kila mmoja anastahili. Uingereza, mwenza wa mfanyakazi mwenye viza ya ujuzi anaruhusiwa kufanya kazi. Lakini ruhusa si ajira. Muuguzi au mwalimu atalazimika kusajiliwa upya na bodi ya kule, pengine afanye mtihani wa lugha kwanza, na miezi hiyo yote anakula bila kuleta. Mimi kwenye karatasi naandika sifuri kwa mwaka mzima wa kwanza. Wateja hununa. Waache wanune.

Baada ya hapo naangalia mshahara umegawanywaje. Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, na jambo hilo huwalevya watu. Huko utakuta mkataba una mshahara wa msingi mdogo, kisha posho ya nyumba, ya usafiri na nyinginezo, jumla inapendeza. Kiinua mgongo, hata hivyo, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake: mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Watu wawili wenye jumla ileile wanaweza kuondoka na viinua mgongo vilivyopishana kwa nusu. Tena karo: familia nyingi za wageni huko husomesha shule za kulipia, kwa hiyo kodi ambayo serikali haikuichukua unaweza kuikuta kwa mhasibu wa shule.

Bima ya afya nayo haihesabiwi kwa namna moja kila mahali, na kwa mwenye familia tofauti yake ni kubwa. Ujerumani, kwenye bima ya umma, mwenza asiye na kipato na watoto huingia chini ya mchango wa mfanyakazi bila nyongeza. Uswisi kila kichwa kina malipo yake, hata mtoto mchanga, na hayakatwi kwenye mshahara. Unalipa mwenyewe kila mwezi kutoka mfukoni. Uingereza hutoza ada ya afya pamoja na maombi ya viza, kwa miaka yote ya viza na kwa mkupuo mmoja. Kwa viwango vilivyoanza Februari 2024, yaani pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kila mwaka, wazazi wawili na watoto wawili wenye viza ya miaka mitatu wanadaiwa pauni 10,866 kabla hata ya kununua tiketi. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa. Wengine wote waulize mapema: analipa nani, mwajiri au mimi?

Ada ya namna hiyo ndiyo inayowaangusha watu ambao hesabu yao ya mwezi ilikuwa safi kabisa. Mshahara wa kwanza huja mwishoni mwa mwezi. Gharama zinakusubiri mlangoni. Mwenye nyumba Ujerumani anaruhusiwa kudai amana ya hadi pango la miezi mitatu. Pango lenyewe wameligawa la baridi na la joto. Lile la baridi, ambalo mara nyingi ndilo linalotangulia kwenye tangazo, halina pesa ya kupasha nyumba joto wala huduma za jengo, na hata la joto kwa kawaida halina umeme.

Mimi mwenyewe nilipohamia huko na familia nilidhani nimeshayajua haya yote. Tukafungua mlango wa nyumba yetu mpya usiku, watoto wamechoka, nikawasha taa ya jikoni. Ukuta mtupu, vichwa viwili vya bomba vimezibwa, na waya nene imening'inia. Hakuna sinki, hakuna jiko, hakuna kabati. Nyumba nyingi za kupanga huko hutolewa hivyo, na mkataba ulikuwa umesema. Ni mimi niliyesoma haraka. Wiki tano tulioshea vyombo bafuni. Tangu hapo kwenye karatasi zangu kuna mstari unaoitwa "jiko".

Wale wawili walirudi baada ya siku kumi. Mke ndiye aliyekuwa na faili safari hii. Walikuwa wamemwandikia mwajiri wakiomba mambo matatu: agharamie viza za familia nzima, awape makazi ya muda kwa miezi miwili, na achangie karo. Alikubali mawili ya kwanza, la karo akakataa. Tukafuta mistari miwili kwenye karatasi, tukajumlisha upya. Sasa wanabishana kama mume atangulie peke yake miezi sita, nami nimeshawachorea safu ya pili: kodi ya nyumba mbili.