Kabla ya Kusema Utakwenda Arusha

Muhula wa kwanza ukifunguliwa, benchi la ofisi yetu hujaa wazazi wenye malalamiko ya dini shuleni. Binti ameambiwa avue hijabu langoni, kijana Msabato amewekewa mtihani Jumamosi, mtoto wa Rasta amerudishwa nyumbani hadi anyolewe. Mwaka huu wamekuja wengi kuliko tulivyozoea, na ndiyo sababu ya makala haya. Wengi wao, hata kabla ya kuketi, wameshatangaza: "Nitawapeleka Arusha!" Wengine husema Geneva.

Arusha haitakupokea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo huko, kweli, na mwaka 2004 Kenya iliridhia itifaki iliyoiunda. Lakini mwananchi hawezi kuishtaki nchi yake pale moja kwa moja mpaka nchi hiyo itoe tamko la kukubali jambo hilo chini ya Kifungu cha 34(6) cha itifaki, na Kenya haijalitoa. Njia iliyobaki hupitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, nayo itakuuliza kwanza umepitia mahakama zipi nyumbani. Geneva ni vivyo hivyo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tarehe 1 Mei 1972, ila haikujiunga na itifaki ya hiari inayomruhusu mtu binafsi kulalamika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoko huko. Haya nimeyaeleza mara nyingi mno, na bado kesho asubuhi nitayaeleza tena.

Na kwa nini usafiri? Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 18 cha Mkataba ule wa Haki za Kiraia na Kisiasa na Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unaweza kuvitaja mbele ya jaji wa hapa hapa, pamoja na Kifungu cha 32 cha Katiba yetu; vyote vinalinda uhuru wa dini.

Waliofika Arusha ni Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau hapa Kenya, na hawakufika kwa hasira. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke msitu wa Mau. Tume ya Afrika ndiyo iliyoifikisha kesi mahakamani, mwaka 2012. Tarehe 26 Mei 2017 majaji walikubali kwamba Mau kwao ni mahali pa ibada na pa kuzika wafu, na kwamba kuwafukuza kulivunja Kifungu cha 8. Katika hukumu hiyo kuna sehemu ambayo ningependa kila afisa wa serikali aisome. Ikiwa wasiwasi ulikuwa afya ya umma na utaratibu, mahakama ilisema, zilikuwepo njia nyepesi zaidi: kuwaelimisha kuhusu mazishi yanayofuata Sheria ya Afya ya Umma, kushirikiana nao kutunza maeneo yao matakatifu, kuwaondolea ada ya kuyaingia. Hukumu ya fidia ilitolewa Juni 2022: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine. Kutoka notisi hadi hapo ni zaidi ya miaka 12. Mtoto wako atakuwa amemaliza shule zamani.

Swali lile la njia nyepesi ndilo la kumuuliza mwalimu mkuu. Imani iliyo moyoni haiguswi na yeyote. Kuionyesha kwa vazi, nywele au siku ya mapumziko kunaweza kuwekewa mipaka, lakini Kifungu cha 24 cha Katiba kinamtaka anayeweka mipaka athibitishe kwamba ina msingi wa kisheria, ina sababu ya haki, na hakuna njia nyingine isiyobana sana. Kujibu "ni kanuni ya shule" hakutoshi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono Wasabato kuhusu masomo ya Jumamosi, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwa faida ya mwanafunzi wa Kirasta.

Hijabu, je? Hapo ndipo wazazi hunikasirikia. Katika kesi ya shule ya Isiolo inayodhaminiwa na Kanisa la Methodist, upande wa hijabu ulishindwa Mahakama Kuu mwaka 2015, ukashinda kwenye Rufaa mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi huo. Haikusema hijabu imepigwa marufuku, ingawa watu hunukuu hivyo. Ilisema dai la mzazi liliingizwa isivyostahili, kwa kuwa yeye alikuwemo kama mhusika mwenye maslahi tu, na mhusika wa aina hiyo haji na dai lake jipya. Suala lenyewe halikuamuliwa.

Kwa hiyo utaratibu si mapambo. Andika barua kwa mwalimu mkuu, iwe na tarehe, ukitaja alichonyimwa mtoto na siku gani. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nenda Bodi ya Elimu ya Kaunti, kisha Baraza la Rufaa za Elimu. Malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hayalipiwi. Mahakama Kuu nayo, kwa Kifungu cha 22 cha Katiba, haitozi ada ya kuanzisha kesi ya haki za msingi, na inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Barua zisizo na tarehe huturudisha nyuma kuliko kitu kingine chochote. Mahakama ya Kadhi si ya jambo hili: ni ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu waliokubali kusikizwa huko.

Jambo moja la upande wa pili. Kuvuruga ibada ya wengine kwa makusudi ni kosa chini ya Kifungu cha 135 cha Kanuni ya Adhabu. Pasipotajwa adhabu maalumu, kosa dogo hubeba kifungo kisichozidi miaka 2, faini, au vyote viwili. Kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, Kifungu cha 138, ni hadi mwaka 1. Kumwambia jirani kwamba hukubaliani na dini yake hakumo humo, wala yeye kubadili dini, jambo ambalo bado tunaletewa kama malalamiko.

Na yupo anayekuja kutuambia serikali haina ruhusa kabisa ya kuingia kanisani. Shakahola, msitu wa Kilifi ambako waumini wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, mwaka 2023 na baadaye ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Huyo huwa namwomba akae, nimsomee Kifungu cha 26 cha Katiba, haki ya kuishi, kisha turudi kwenye malalamiko yake.